Muulize Shangazi wa Santuri: Wazee wa roki na nyimbo za bluzi

Toleo lililopita niligusia kwa mistari michache albamu ya Blue & Lonesome, ile ambayo The Rolling Stones, bendi ya roki ya Uingereza, waliitoa tarehe 2 Desemba 2016, nyimbo 12 za bluzi tupu. Sikutegemea mistari ile ingeniletea barua nyingi namna hii. Leo nimechagua sita. Waliobaki nitawajibu mmoja mmoja kwa mkono, Mungu akinijalia.

Shikamoo Shangazi. Nina miaka 23 na roki ndiyo muziki wangu. Rafiki yangu ananiambia albamu ile ni ushahidi kwamba wazee wale wameishiwa, ndiyo maana kati ya nyimbo 12 hakuna hata moja waliyoitunga wao. Mimi naipenda, ila nimeshindwa kumjibu. Nisaidie.
*Mpenda Roki*

Marahaba, mwanangu. Rafiki yako ameshika nusu ya habari, nayo nusu hiyo ni ya kweli. Nyimbo zote 12 ni za watu wengine. Na walipoingia studio Desemba 2015 walikuwa wamekwenda kurekodi nyimbo zao mpya, kazi ikagoma.

Studio yenyewe inaitwa British Grove, iko magharibi mwa London, mali ya Mark Knopfler, yule mpiga gita wa Dire Straits. Chumba kile kilikuwa kigeni kwao. Mimi nilikaa miaka 19 nyuma ya kioo cha studio ya redio nikiwa fundi mitambo, na chumba kigeni nakijua. Kona moja inameza sauti ya besi, nyingine inairudisha maradufu. Mpiga gita anaongeza sauti kwa sababu hajisikii, mpiga ngoma naye anaongeza, mwisho wote wanapiga kelele na hakuna anayemsikia mwenzake. Dawa yake ni kupiga kitu ambacho mikono inakijua bila kuuliza kichwa. Nao wakapiga Blue and Lonesome, wimbo walioujua kwa Little Walter, mpulizaji harmonika wa Chicago. Walipousikiliza kwenye spika, chumba kilikuwa kimetulia. Wakapiga mwingine, halafu mwingine tena. Mick Jagger, mwimbaji wao, akaenda kupekua nyimbo nyingine za kuleta. Siku tatu, albamu ikawa imekamilika.

Siku tatu, nyimbo 12. Hesabu hiyo ndiyo jibu la rafiki yako. Mtu aliyeishiwa hawezi kazi hiyo, kwa sababu studio humwonyesha kila asichokijua. Wale waliweza kwa kuwa nyimbo zile zilikuwa mikononi mwao tangu ujana. Charlie Watts, mpiga ngoma, alikuwa na miaka 74. Jagger alikuwa na 72, Keith Richards, mpiga gita, alikuwa anatimiza 72 mwezi huohuo, na mdogo wao, Ronnie Wood, alikuwa na 68. Walipiga wote pamoja, chumba kimoja, bila kupachika sauti za ziada baadaye.

Rafiki yako pia anasahau walikoanzia. Oktoba 1961, Mick na Keith, waliowahi kusoma pamoja utotoni, walikutana upya kwenye jukwaa la stesheni ya reli ya Dartford, kusini-mashariki mwa London. Mick alikuwa na santuri kwapani, za wanamuziki weusi wa Marekani, Chuck Berry na Muddy Waters. Keith alipoziona hakumwacha tena. Mwaka uliofuata bendi ilipohitaji jina, Brian Jones, aliyekuwa kiongozi wao wakati ule, aliulizwa kwenye simu wanaitwaje, na kwa simulizi ya Keith macho yake yakaangukia santuri ya Muddy Waters, penye wimbo Rollin' Stone wa mwaka 1950. Jina likapatikana hapohapo. Mwambie rafiki yako vijana wale walianza wakiwa bendi ya bluzi, na hizo roki anazozipenda zilikuja baadaye.

Shangazi, hujambo? Nimeisikiliza mara tatu kwa sababu wewe umeisifia. Nisamehe, lakini nyimbo zote naziona zinafanana. Nisikilize nini?
*Masikio Mazito*

Sijambo, mwanangu. Masikio yako hayana ubaya wowote. Zinafanana kweli, maana nyingi zimejengwa juu ya msingi mmoja wa vipimo 12, kila kipimo mapigo manne. Vipimo vinne vya kwanza gita linakaa nyumbani. Viwili linahamia kwa jirani, viwili linarudi nyumbani, kimoja linatoka mbali kidogo, kingine linapita kwa yule jirani tena, na viwili vya mwisho linarudi kujiandaa kuanza upya. Maneno nayo huenda hivyohivyo: mwimbaji anasema jambo, analirudia kana kwamba hukumwamini, kisha mstari wa tatu anakupa sababu. Lihesabu umbo hilo kwa vidole katika wimbo mmoja tu. Ukishalijua, acha kuhesabu, anza kusikiliza nani anachelewa na nani anawahi.

Anza na Charlie Watts. Alikuwa na tabia moja ambayo ukiiona mara moja utaisikia daima. Wapiga ngoma wengi wa roki hugonga zile sahani pacha za shaba kwa fimbo ya kulia mfululizo bila kupumzika. Charlie, kila fimbo ya kushoto ilipoteremka kwenye ngoma ya snea, aliinyanyua ya kulia asiguse sahani. Kwa hiyo snea inabaki peke yake, haina mtu pembeni, na nyuma yake kuna nafasi ndogo ya kupumua. Nafasi hiyo ndiyo inayofanya bendi nzima isikike kama inatembea na haikimbii. Charlie alifariki Agosti 2021 akiwa na miaka 80, na kila nikiiweka albamu hii sikio langu linakwenda kwake kabla ya kwenda kwa mwimbaji.

Halafu harmonika. Hapa niruhusu nikae kidogo.

Marehemu kaka yangu alikuwa na harmonika ya matundu 10. Kabla ya kupuliza aliigonga kiganjani mara tatu kutoa mate, maana mle ndani kuna ndimi nyembamba za shaba, na mate yakikaa ulimi mmoja unakwama, tundu linakuwa bubu. Alikuwa anajifunza Juke, wimbo usio na maneno ambao Little Walter aliurekodi Mei 1952. Aliinua sindano ya gramafoni na kuirudisha mwanzo, akainua na kuirudisha, hadi mifereji ya mwanzo wa santuri ile ikapauka. Miezi minne hakuipata. Alidhani anakosea matundu, kumbe alikuwa anapuliza pale panapotakiwa kuvutwa. Wapulizaji wa bluzi huchukua harmonika isiyo ya sauti ya wimbo: wimbo ukiwa wa E, wanashika harmonika ya A. Hapo sauti muhimu zinaangukia kwenye kuvuta pumzi ndani. Na ukivuta huku ukibadilisha umbo la mdomo na ulimi, sauti inapinda, inashuka taratibu kama mtu anayeshindwa kumalizia neno. Huwezi kuipinda vile kwa kupuliza kwenye matundu yale ya chini. Siku kaka alipogundua, alikuja kuniamsha usiku.

Little Walter aliongeza jambo lake. Alishika maikrofoni na harmonika kwa pamoja, viganja vikiwa vimefumba kabisa, na waya ukaenda kwenye amplifaya ya gita. Kile kinanda kidogo cha mfukoni kikatoa sauti nene kama saksafoni. Alizaliwa Louisiana mwaka 1930 na akafa Chicago mwaka 1968, hakufika 40. Albamu ya Stones imemchota zaidi kuliko mtu mwingine yeyote, jina la albamu lenyewe limetoka kwenye wimbo wake.

Sasa rudi umsikilize Jagger. Watu wanamjua kwa kiuno na midomo, lakini kwangu mimi kazi yake kubwa kwenye albamu hii ni harmonika. Anavuta, anapinda, anaacha pumzi isikike. Mwenye miaka 72! Weka Juke kwanza, kisha I Gotta Go ya albamu hii, na nina hakika ile hali ya kufanana itaanza kuachia. Ukitaka kwenda mbele, weka Commit a Crime. Mwenye wimbo ule ni Howlin' Wolf, mtu wa kimo cha karibu mita 1.9, mwenye sauti kama gunia la kokoto linaloburutwa. Jagger hakujaribu kuiga sauti ile. Aliimba kwa koo lake jembamba na kuuachia mdundo ndio uwe mzito. Ule ni uamuzi wa mtu aliyekomaa. Alipokuwa kijana aliiga.

Shangazi, ni kweli Eric Clapton yumo? Jina lake silioni mbele.
*Mfuatiliaji*

Yumo, mpiga gita yule wa Kiingereza, kwenye nyimbo mbili. Alikuwa anatengeneza albamu yake kwenye chumba kingine cha studio hiyohiyo, akaitwa. Kwenye Everybody Knows About My Good Thing amepiga gita la kuteleza, lile linalopigwa kwa mrija uliovikwa kidoleni na kuburutwa juu ya nyuzi. Kwenye I Can't Quit You Baby amepiga gita la kuongoza. Wimbo huo wa pili msikilize kwanza mwenyewe, Otis Rush, alipourekodi Chicago mwaka 1956 akiwa kijana wa miaka ishirini na kitu. Ule mlio wa kwanza anaoutoa kabla ya kutamka neno mimi unanisimamisha mpaka leo.

Shikamoo Shangazi. Nilisoma kwamba Rolling Stones walipofika Chess Records, Chicago, mara ya kwanza, walimkuta Muddy Waters juu ya ngazi akipaka dari rangi. Ni kweli?
*Mwalimu wa Historia*

Marahaba, Mwalimu. Hiyo ni simulizi ya Keith Richards, ameirudia miaka mingi. Marshall Chess, mtoto wa mwanzilishi wa kampuni ile, aliyekulia ndani ya kampuni hiyo, amekana kabisa kwamba kitu kama hicho kiliwahi kutokea. Mimi namwamini Marshall. Kilicho wazi ni kwamba Juni 1964 vijana wale walirekodi pale, namba 2120 South Michigan Avenue, na wakaitumia anwani hiyo kuwa jina la wimbo wao usio na maneno. Muddy Waters walikutana naye, na aliwapokea vizuri.

Sababu ya kutoipenda simulizi ile ya rangi nitakwambia. Inamfanya Muddy aonekane kibarua aliyesahaulika, aliyekuwa akisubiri vijana wa Kiingereza waje wamwokote. Alikuwa kiongozi wa bendi. Alitoka shamba la Stovall, Mississippi, ambako Alan Lomax, mkusanyaji wa nyimbo za kienyeji, alimrekodi mwaka 1941. Mwaka 1943 alipanda treni kwenda Chicago, akachomeka gita kwenye umeme ili asikike juu ya kelele za baa, na bendi yake ndiyo iliyowalea Little Walter na wengine wengi. Heshima hiyo tusimvue kwa ajili ya hadithi tamu.

Shangazi, mimi hili linaniuma. Hawa Wazungu matajiri wanaimba nyimbo za wazee weusi, wanapata tuzo na mamilioni. Wenye nyimbo wamekufa maskini. Kwa nini tushangilie?
*Mwenye Uchungu*

Barua yako niliisoma mara mbili, nikaiweka, nikairudia usiku. Uchungu wako una haki, na sitaki kuupoza kwa maneno laini.

Tuanze na namna pesa zinavyokwenda. Bendi ikirekodi wimbo wa mtu, malipo ya utunzi yanakwenda kwa mtunzi au kwa aliyeshika haki zake. Aliyeuimba kwanza, kama siye mtunzi, hapati kitu kwenye rekodi hiyo mpya. Ule wimbo wa Otis Rush niliousifia hapo juu uliandikwa na Willie Dixon, mtunzi na mpiga besi wa Chess, kwa hiyo malipo ya utunzi yanakwenda upande wa Dixon. Na hapo kwenye "aliyeshika haki" ndipo wengi walipoumizwa. Watu waliosaini mikataba wakiwa na njaa, wengine bila mtu wa kuwasomea, walikuja kugundua nyimbo zao si zao. Muddy Waters na Willie Dixon ilibidi waende mahakamani miaka ya 1970 kudai haki zao kwa kampuni iliyokuwa ikizisimamia. Mwaka 1985 Dixon akaishtaki bendi ya roki ya Kiingereza, Led Zeppelin, kwa sababu Whole Lotta Love ilifanana na wimbo wake You Need Love, ambao Muddy aliurekodi mwaka 1962. Walimaliza kwa makubaliano mwaka 1987.

Na Stones wenyewe hawakuwa wasafi. Mwaka 1968 walirekodi Prodigal Son, na nakala za mwanzo zilizoingia madukani ziliandikwa kwamba watunzi ni Jagger na Richards. Wimbo ule ulikuwa wa Mchungaji Robert Wilkins. Alikuwa hai! Alikuwa Memphis anahubiri, na aliishi hadi 1987. Baadaye jina lake liliwekwa, lakini nikiwa na ile santuri ya kwanza mkononi bado moyo unachafuka.

Kwa hiyo, kwa nini mimi naishangilia Blue & Lonesome? Kwanza, majina yameandikwa. Kila wimbo una jina la mtu pembeni yake, na mtoto anayenunua albamu kwa ajili ya Mick Jagger anakutana na Magic Sam, aliyekufa mwaka 1969 akiwa na miaka 32, anakutana na Eddie Taylor, anakutana na Lightnin' Slim. Barua zenu zinathibitisha hilo, maana watatu kati yenu mmeniuliza Little Walter ni nani.

Pili, kuna jambo la Mei 1965 ambalo halinitoki. Kituo cha televisheni cha Marekani kiliwaalika Stones kwenye kipindi cha vijana kilichoitwa Shindig!. Walikuwa wanawika. Wakaomba Howlin' Wolf awepo pia. Picha zipo hadi leo. Mtangazaji anaongea na Brian Jones, Brian anamweleza huyu mzee ni nani kwao, kisha anamwambia mtangazaji anyamaze ili Wolf apandishwe jukwaani. Wolf anapanda, suti nyeusi, bado wiki chache atimize 55. Anaimba How Many More Years, anarukaruka, jukwaa linatikisika. Na wale vijana wa Kiingereza wamekaa chini miguuni pake, wanamtazama kwa macho ya watoto. Marekani ya 1965, mtu mweusi aliyezaliwa Mississippi mwaka 1910, kwenye televisheni ya taifa zima, saa ambayo familia ziko sebuleni. Kabla ya hapo, Desemba 1964, walikuwa tayari wameufikisha Little Red Rooster namba moja Uingereza, wimbo wa Dixon ambao Wolf aliurekodi mwaka 1961.

Haya mawili, deni na heshima, yanakaa kwa watu walewale, na sikuombi ulisamehe la kwanza kwa sababu ya la pili. Albamu ilishika namba moja Uingereza, ikapata tuzo ya Grammy ya albamu bora ya bluzi ya asili mwaka 2018, sawa. Wewe ukitaka pesa yako ifike panapostahili, nunua rekodi za wenyewe. Na ujue kuwa jengo lile la 2120 South Michigan Avenue sasa ni makao ya Blues Heaven, taasisi aliyoianzisha Willie Dixon kusaidia wanamuziki wa bluzi kupigania haki zao. Familia yake ndiyo iliyolinunua baada ya kifo chake mwaka 1992. Kila nikilifikiria hilo napata nguvu: mtunzi aliyekuwa akiingia mlango ule kama mwajiriwa, na leo mlango ule uko chini ya jina la kazi yake.

Shangazi, heshima zako. Sisi ni bendi ya roki, watu watano, tuna miaka zaidi ya 30 pamoja, mdogo wetu ana 58. Tumeisikia albamu hiyo, tumeamua na sisi turekodi ya bluzi. Kijana wangu ana programu kwenye kompyuta, anasema kila mtu arekodi peke yake, yeye ataunganisha na kusawazisha makosa. Unatushauri nini?
*Mpiga Besi*

Kaka yangu, barua yako imenifurahisha kuliko zote. Mshukuru kijana, mwambie kompyuta yake mtaihitaji, ila msimruhusu awatenganishe.

Nakupa kosa langu mwenyewe. Mwaka wangu wa nne kazini ilikuja bendi ya wazee kurekodi kipindi. Nilikuwa nimetoka kozini, najiona. Nikaweka ngoma korido, nikazungushia kila amplifaya vizuizi vya magodoro, mwimbaji nikamfungia kwenye kichumba cha kusomea habari na vipokea sauti masikioni. Kila sauti ilikuwa safi, kila moja imekaa kwenye mstari wake. Tulipocheza mkanda, hakuna aliyesema kitu. Mpiga gita mkubwa wao alivua miwani, akaifuta, akaniuliza kwa upole kama anaweza kumwona mpiga ngoma. Ni hilo tu aliloomba. Niliondoa magodoro, nikawaweka nusu duara, nikarudisha ngoma ndani. Wimbo uleule, watu walewale, na ulikuwa wimbo mwingine. Mguu wa mpiga gita ulisikika ukigonga sakafu mle kwenye mkanda. Nilitaka kuuondoa, akanizuia. Alikuwa sahihi.

Ndivyo British Grove walivyofanya, na gharama yake uijue mapema: maikrofoni ya mwimbaji inaokota ngoma, ya ngoma inaokota gita. Mmoja akikosea huwezi kumfuta peke yake, wote mnarudia. Lakini hofu hiyo inafanya watu wasikilizane. Muwe mnaonana macho. Teremsheni amplifaya hadi mpiga ngoma asilazimike kupiga kwa nguvu, maana mpiga ngoma wa roki akipiga bluzi tatizo lake kubwa ni mkono mzito. Msipige zaidi ya mara tatu wimbo mmoja. Mara ya nne mnaanza kuusahihisha, na wimbo unakauka.

Nyimbo msichague zile mnazozipenda sana kwa kusikiliza. Chagueni zile ambazo hata ukiamshwa usiku unaweza kupiga. Shusheni sauti ya wimbo kama koo la mwimbaji limeshuka, hakuna aibu katika hilo. Na wewe wa besi, kazi yako hapo ni kubwa kuliko kwenye roki: usipambe. Shika sauti moja, iache imalizike yenyewe.

Kwa haki za watunzi, andikeni majina sawasawa tangu siku ya kwanza, na lipieni leseni kabla ya kutoa. Umeona barua iliyotangulia.

Halafu wimbo mmoja muwaachie watu wawili tu, wale walioanzisha bendi. Stones walifanya hivyo kwenye Hackney Diamonds, Oktoba 2023. Albamu nzima ni roki yenye kelele na wageni mashuhuri, na mwisho wake kabisa wanabaki Mick na Keith, gita moja na harmonika, wanapiga Rolling Stone Blues. Ni ule wimbo wa Muddy Waters waliouchukulia jina mwaka 1962. Miaka 61 walikuwa hawajawahi kuuweka kwenye albamu ya studio. Unasikia nyuzi zikikwaruzwa, unasikia Mick akivuta pumzi kabla ya kushika harmonika.

Mkimaliza nitumie nakala. Hata kwenye kaseti, mashine yangu bado inazunguka vizuri.